Jinsi ya Kupata Kitabu Kipya cha Kusoma Jijini Nairobi, kwa Kila Umri na Kila Ladha

Wasomaji wengi wa Nairobi hawakosi hamu ya kusoma. Wanachokosa ni njia ya kukifikia kitabu cha pili baada ya kile cha kwanza walichokipenda. Shuleni kitabu huletwa na mwalimu: riwaya teule, tamthilia teule, hadithi fupi teule, na mwongozo wake juu. Mtihani ukiisha, anayekuchagulia hayupo tena. Hapo mtu hujikuta akinunua kile kilichotandazwa kwa wingi kando ya barabara: jinsi ya kutajirika, jinsi ya kujiamini, jinsi ya kuwavuta watu. Vitabu hivyo vina wenyewe, lakini ni kona moja tu ya soko, na anayeishia hapo huondoka akiamini kwamba kusoma si fani yake.

Mtandao nao hausaidii kama inavyodhaniwa. Goodreads (tovuti ya wasomaji), Amazon na wenzao hupendekeza vitabu kwa kulinganisha alama na manunuzi ya wasomaji: waliopenda hiki walipenda pia kile. Riwaya ya Kiswahili iliyosomwa na madarasa kwa madarasa ya wanafunzi wa Kenya na Tanzania inaweza kuwa na alama za watu wachache humo, au isiwemo kabisa, kwa sababu walioisoma hawakwenda kuisajili popote. Mashine haiwezi kuona uhusiano ambao haukuandikwa. Kazi ya kuunganisha kitabu na kitabu itabidi uifanye mwenyewe, na si ngumu ukijua pa kutazama.

Anza na vitabu vitatu ulivyovimaliza

Chukua karatasi uandike majina ya vitabu vitatu ulivyovimaliza bila kulazimishwa, hata kama ni vya utotoni. Mbele ya kila jina andika kilichokufanya uendelee kufungua ukurasa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huandika mada: "kilihusu ndoa", "kilihusu vita". Mada haisemi mengi. Kinachomshika msomaji huwa ni kasi ya matukio, au mhusika ambaye lazima ujue mwisho wake, au mahali palipochorwa mpaka ukapaona, au lugha yenyewe, au fumbo linalotaka kufumbuliwa, au maarifa ambayo hukuwa nayo. Urefu wa sura pia ni sababu halali. Anayesoma ndani ya matatu kati ya Githurai na mjini anahitaji sura za kurasa tano au sita. Akipewa sura ya kurasa arobaini, kila siku atarudia palepale alipoanzia jana.

Kisha andika kitabu kimoja ulichokiacha, na ukurasa ulioachia. Ukiacha kabla ya ukurasa wa 20, mara nyingi tatizo ni lugha au maandishi madogo. Ukiacha katikati, huenda wahusika walikuwa wengi kuliko unavyopenda, au hadithi ilisimama.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokupa swali la kuuliza. Ukimuuliza muuzaji au mkutubi, "Una kitabu kizuri?" atakupa kinachonunuliwa zaidi wiki hiyo. Muulize hivi: "Natafuta riwaya ya Kiswahili isiyozidi kurasa 250, inayosimuliwa na mhusika mwenyewe, yenye safari ndani yake. Ya mwisho niliyoipenda ni Siku Njema ya Ken Walibora." Swali la namna hiyo lina urefu, lugha, usimulizi na mfano mmoja. Anayejua vitabu vyake ataanza kutembea kwenye rafu kabla hujamaliza sentensi, na asiyejua utamtambua papo hapo.

Fuata uzi kutoka kitabu hadi kitabu

Kila kitabu kizuri kinaelekeza kwa vingine, ila maelekezo hayo yako mahali ambapo watu hawasomi. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo kuna jina la mchapishaji, mwaka wa toleo la kwanza na ISBN, yaani nambari ya utambulisho wa kitabu. Mchapishaji ni uzi muhimu kuliko mwandishi, kwa sababu mwandishi ana vitabu vichache lakini mhariri mwenye jicho lako ana rafu nzima. Ukigundua kwamba vitabu viwili kati ya vile vitatu ulivyovipenda vimetoka kwa mchapishaji mmoja, omba katalogi yake. Longhorn, East African Educational Publishers, Oxford, Moran, Phoenix, Storymoja na wengineo wana orodha zilizogawanywa kwa umri na kwa aina.

ISBN nayo inasema kitabu kilizaliwa wapi. Inayoanza na 978-9966 au 978-9914 ni ya Kenya. 978-9976 na 978-9987 ni za Tanzania. 978-9970 ni ya Uganda. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito. Riwaya ya Unguja au ya Dar inaweza kuwa na msamiati ambao Mnairobi hakuuzoea, na kama huna habari utadhani Kiswahili chako ndicho kibovu. Jipe kurasa 30 za kuzoea sikio na usifungue kamusi kwa kila neno. Andika pembeni yale tu yanayojirudia.

Tuchukue mfano wa upelelezi, maana katika Kiswahili utanzu huu una ukoo mrefu na wasomaji wengi wa Nairobi hawajui kwamba upo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi wake, Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Ukipenda utulivu wa kufikiri na mazungumzo marefu, baki naye. Ana vitabu vingine vya Bwana Msa. Ukiona anakwenda polepole, ruka hadi Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Ukitaka bastola, ndege na majasusi, muulizie Elvis Musiba na mhusika wake Willy Gamba, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Kwa uzi huo mmoja umepata kazi ya miezi mingi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtandao ungekusukumia. Vingi havichapwi kwa wingi siku hizi, kwa hiyo vitafute maktabani na kwa wauzaji wa mitumba.

Kuna nyuzi nyingine: mfasiri, aliyeandika dibaji, na ukurasa wa shukrani ambamo mwandishi huwataja waandishi wenzake waliosoma mswada. Mfasiri ni uzi mtamu sana. Riwaya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Msomaji wa Kiingereza anayeogopa riwaya za Kiswahili anaweza kuanza na kitabu anachokijua tayari kwa Kiingereza. Anajua kisa, kwa hiyo nguvu zote anazipeleka kwenye lugha.

Maktabani: tembea kwa nambari

Nairobi ina Maktaba Kuu ya Kitaifa ya Knls (Huduma ya Maktaba za Kitaifa za Kenya) kule Upper Hill na tawi lake Buruburu. Kaunti nayo ina McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 pale Banda Street, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara ambayo yamekarabatiwa na kupangwa upya kwa ushirikiano na shirika la Book Bunk. Beba kitambulisho, uliza mapokezi ada ya uanachama na idadi ya vitabu vya kuazima, na uulize saa za watoto, kwa kuwa sehemu ya watoto inaweza kuwa na ratiba yake.

Kosa la wengi maktabani ni kwenda kwenye rafu moja tu. Vitabu vya maarifa hupangwa kwa nambari za Dewey, mfumo unaokipa kila mada nambari yake, na ukishika nambari chache unaweza kuvumbua bila kumsumbua mtu. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Ngano na hadithi za jadi za dunia nzima ziko 398.2, na hapo mtu mzima asione haya kusimama hata kama rafu iko upande wa watoto. Wasifu na tawasifu ziko 920, historia ya Kenya 967.62, mapishi 641.5, mambo ya fedha za mtu binafsi 332.024. Riwaya huenda zimetengwa peke yake na kupangwa kwa jina la ukoo la mwandishi.

Tumia njia ya majirani: tafuta kitabu kimoja unachokijua, kisha vitoe vitano vya kushoto kwake na vitano vya kulia. Vimewekwa karibu kwa sababu vinahusiana, na kati ya kumi hivyo huwa kuna kimoja au viwili ambavyo hukuwahi kuvisikia. Baada ya hapo nenda kwenye toroli ya vitabu vilivyorudishwa. Hapo ndipo unaona watu wa mtaa huo wanasoma nini kweli, tofauti na kile kilichopangwa mbele kwa maonyesho.

Ukiruhusiwa kuazima vitatu, viwili viwe vya aina unayoipenda na kimoja kiwe cha rafu ambayo hujawahi kuisogelea. Hiki cha tatu usijilazimishe kukimaliza. Kazi yake ni kukuonyesha kilichopo.

Vitabu vya mitumba: soma kabla ya kulipa

Kando ya barabara katikati ya jiji, hasa maeneo ya Moi Avenue, Tom Mboya na Latema, vitabu hutandazwa chini au kupangwa ukutani. Hapa ndipo uvumbuzi wa kweli hutokea, kwa kuwa hakuna aliyepanga kukuuzia kitu fulani. Vitabu vimetoka kwenye nyumba za watu, shule zilizobadilisha silabasi na makontena ya ng'ambo, vikachanganyikana.

Panga safari mapema siku ya kazi, kabla ya msongamano wa jioni. Jioni hupati nafasi ya kuinama, na muuzaji hana muda wa kukutafutia. Msalimie kwanza: "Habari ya kazi, mkubwa?" kisha mwambie unachotafuta kwa lile swali ulilotengeneza. Wengi wao wana stoo jirani, na walichotandaza ni sehemu ndogo tu ya walicho nacho. Muachie nambari yako ya simu na majina mawili matatu, si kumi. Orodha ndefu hupotea.

Kabla ya kutoa pesa, kagua. Kwanza nambari za kurasa. Vitabu hushonwa au kugundishwa kwa mafungu, kwa kawaida ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kurasa zinazokosekana huondoka kwa fungu zima: unasoma ukurasa wa 96, unaofuata ni 113. Pitisha kidole kwenye kona ya chini ya kitabu ukiangalia nambari kila baada ya kurasa kumi na tano hivi, na utazame kurasa tatu za mwisho, kwa sababu hizo ndizo hung'oka kwanza. Kuna riwaya za upelelezi mitaani ambazo muuaji ameondoka na karatasi ya mwisho. Kisha ukunje mgongo wa kitabu kidogo. Gundi ikipasuka kwa sauti, kitabu hicho kitamwagika mikononi mwako kabla ya wiki mbili. Nusa pia. Harufu ya ukungu haitoki, na ukungu huhamia kwenye vitabu vyako vingine.

Jambo kubwa zaidi ni nakala bandia. Nyingi ni za vitabu vipya vinavyouzwa sana. Utazijua kwa jalada lenye picha iliyofifia kingoni, herufi za ndani zilizo nzito mahali pamoja na hafifu pengine, mistari inayopanda upande mmoja wa ukurasa, na pambizo ya ndani nyembamba kiasi kwamba maneno yanazama kwenye mkunjo. Bei ya kitabu kipya kabisa ikiwa robo ya bei ya dukani, jibu unalo. Bandia haimpi mwandishi hata senti, na waandishi wetu wanaoishi kwa mauzo madogo ndio huumia zaidi. Mtumba ni halali. Bandia ni wizi. Usivichanganye.

Maduka, maonyesho na tuzo

Dukani utapata kipya na salama. Text Book Centre ina upana, Prestige pale Mama Ngina Street ni pazuri kwa riwaya, Savanis iko Latema, na Nuria inabeba waandishi wengi wa Kiafrika waliojichapishia wenyewe. Hao waliojichapishia wanahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu wengine hawakupitia kwa mhariri. Soma ukurasa wa kwanza, kisha fungua popote katikati usome mmoja. Ukikuta makosa matatu ya tahajia katika kurasa hizo mbili, rudisha. Usome wa katikati kwa makini, kwani wa kwanza kila mwandishi huupiga pasi.

Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi huandaliwa na Chama cha Wachapishaji cha Kenya, kwa kawaida mwezi wa Septemba, Sarit Centre. Nenda siku ya katikati ukusanye katalogi bila kununua, urudi siku ya mwisho ukiwa na orodha. Siku hiyo baadhi ya wachapishaji hushusha bei ili wasirudi na maboksi.

Kuhusu tuzo, usiishie kwa mshindi. Mshindi ni mmoja na alichaguliwa kwa maelewano ya waamuzi; katika orodha ya waliofika mwisho ndimo kitabu chako kilimo. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ina vitengo vya watu wazima, vijana na watoto, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa hiyo orodha zake za miaka iliyopita zinahudumia nyumba nzima. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hutuzwa Kiswahili peke yake, na ndiyo njia fupi ya kujua nani anaandika sasa. Tuzo ya Caine ni ya hadithi fupi za Kiafrika kwa Kiingereza. Hadithi fupi ina faida yake: kwa nusu saa umeonja mwandishi mzima, na ukimpenda unatafuta riwaya yake.

Watoto: umri ni makadirio tu

Gredi iliyoandikwa nyuma ya kitabu ni ya kukuelekeza. Watoto wawili wa Gredi 3 wanaweza kuachana mbali sana kwa kusoma. Njia ya vidole vitano inafanya kazi: mpe mtoto ukurasa wenye maneno kama 100 ausome kwa sauti, na kila neno asilolijua akunjue kidole kimoja. Sifuri au kimoja, kitabu ni chepesi, afaa kukisoma peke yake kwa raha. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vinne, akisome ukiwa karibu. Vitano, msomee wewe. Usikitupe hicho cha vitano. Mtoto huelewa kwa sikio vitabu ambavyo macho yake bado hayaviwezi, na kusomewa ndiko kunakomfanya atamani kuviweza.

Kuna jambo ambalo wazazi wa Nairobi hulikosa. Mtoto anayezungumza Sheng na Kiingereza mara nyingi husoma Kiingereza vizuri kuliko Kiswahili. Akiwa Gredi 5, kitabu cha Kiswahili cha Gredi 5 kinaweza kumvunja moyo, naye ataamua kwamba Kiswahili ni kigumu. Mshushe gredi moja au mbili katika lugha, lakini si katika kisa. Mtoto wa miaka kumi akipewa hadithi ya sungura anayejifunza kupiga mswaki ataona umemdharau. Tafuta chenye sentensi fupi na kisa kikubwa: hatari, siri, mpira, ndugu aliyepotea.

Kabla ya mwaka mmoja, mtoto anataka picha zenye rangi zinazopingana wazi na kurasa ngumu za kadibodi, maana kitabu kitaingia mdomoni. Kati ya miaka 2 na 5, tafuta maneno yanayojirudia na wimbo ndani yake, na ujiandae kukisoma kitabu kimoja kila usiku kwa mwezi mzima. Marudio hayo ndiyo kujifunza kwenyewe. Miaka 6 hadi 8 ni wakati wa mfululizo. Akipenda cha kwanza, mpe cha pili na cha tatu cha wahusika wale wale, kwani kuwajua wahusika kunampunguzia mzigo. Ukiwa na simu tu, African Storybook ya Saide, Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za Kiswahili bure, zilizopangwa kwa viwango kuanzia maneno machache kwa ukurasa hadi aya ndefu. Leseni yake inaruhusu kuchapa, kwa hiyo unaweza kupeleka faili kwenye saiba ya mtaani, ukabana kurasa kwa stepla.

Kuanzia miaka 9 hadi 12 wapo wasiotaka hadithi kabisa, na wazazi huogopa. Hakuna la kuogopa. Mpe vitabu vya nyoka, injini, sayari, rekodi za riadha, mapishi. Huko nako ni kusoma, na msamiati wake ni mgumu kuliko wa hadithi nyingi.

Kijana wa miaka 13 hadi 17 hapewi kitabu, huachiwa. Weka vitatu mezani: kimoja kifupi sana, kimoja cha picha za vibonzo, kimoja cha watu wazima ambacho unakiamini. Ondoka. Usimwulize dhamira wala sifa za wahusika, maana atanusa mtihani na kukiweka chini. Swali moja linatosha: "Umefika wapi?" Kitu kinachoua usomaji wa umri huu ni kumnunulia riwaya teule na kuiita zawadi.

Wazee

Nyanya au babu aliyeacha kusoma mara nyingi hakuacha kwa kupenda. Herufi zilimkimbia. Anza na macho: miwani ya kusomea iliyopimwa, na uchunguzi wa mtoto wa jicho. Kisha tafuta maandishi ya pointi 16 au zaidi, ambayo kwenye tableti ni suala la kubonyeza mara mbili. Diwani za mashairi zinafaa, kwa kuwa mistari ni mifupi na nafasi ni kubwa. Wengi wao walikariri tenzi shuleni au madrasani, na kitabu kinachorudisha beti hizo hufungua mazungumzo nyumba nzima. Mjukuu wa Gredi 6 akimsomea dakika kumi kila jioni, wote wawili wanafaidi.

Kuvuka kutoka utanzu hadi utanzu

Watu hujaribu utanzu mpya kwa kitabu chake kikubwa na kizito zaidi, wakashindwa, wakafunga mlango. Ingia kwa kifupi. Ushairi uanze kwa mashairi mawili kwa siku, kwa sauti, bila kutafuta maana mara ya kwanza. Shairi la Kiswahili liliumbwa kuimbwa, na mizani huleta maana kabla ya akili. Tamthilia isomwe na watu wawili, mkigawana wahusika. Historia ianze na wasifu wa mtu mmoja, maana maisha ya mtu yana uzi ambao karne haina. Kitabu cha maarifa usikisome kuanzia mwanzo: tazama yaliyomo, chagua sura inayokugusa, isome hiyo, ndipo uamue.

Riwaya za kufikirika, za sayansi au za ndoto, ndizo zinazokataliwa zaidi na watu wazima huku kwetu. Anayesema hazipendi mara nyingi alilelewa kwa hadithi za majini na mazimwi na alizipenda sana. Mkumbushe hilo, kisha mpe hadithi fupi, si juzuu la kurasa 700.

Mtandaoni: dakika kumi zinatosha

Tumia intaneti kuthibitisha, si kuamua. StoryGraph, tovuti ya wasomaji, hukuruhusu kuchuja vitabu kwa hisia na kasi, jambo linalofaa kwa vitabu vya Kiingereza. Kindle na Google Play hutoa sampuli ya mwanzo bure. Kwa Kindle ni takriban asilimia 10. Isome yote kabla ya kulipa. Open Library ya Internet Archive ina nakala za kuazima za vitabu vya zamani. Kwa habari za vitabu vya Kiswahili, kurasa za fasihi za Taifa Leo na kurasa za wachapishaji wenyewe zitakufaa kuliko orodha za "vitabu 100 bora".

Kurasa 30, daftari na chama

Kipe kila kitabu kurasa 30. Mtoto, kurasa 10. Kisipokushika, kiache bila kujilaumu, ila uandike sababu kwa neno moja: polepole, kigumu, kinahubiri, herufi ndogo. Baada ya vitabu kumi, maneno hayo yatakuambia nini cha kukwepa dukani. Daftari lenyewe liwe na safu nne tu: jina, aliyenipendekezea, ukurasa nilioachia au "nimemaliza", na neno moja. Safu ya pili ndiyo ya thamani. Utaona kwamba kati ya watu wanane wanaokupendekezea, ni wawili tu ambao ladha yao inaoana na yako. Wasikilize hao.

Ukiwa na watu sita hadi wanane, anzisheni chama. Kila mtu achange shilingi 300 kwa mwezi. Kwa watu wanane hizo ni 2,400, zinazotosha vitabu viwili au vitatu vipya, au rundo la mitumba. Zamu ya kuchagua izunguke, na anayechagua asiulizwe sababu. Hapo ndipo kila mmoja anasukumwa nje ya rafu yake. Vyama vingi huvunjika kwa kulazimisha wote kusoma kitabu kimoja kwa mwezi mmoja, maana wawili watakuwa hawajamaliza na wataona aibu kuja. Zungusheni vitabu mbalimbali badala yake, kila mtu aeleze chake kwa dakika tano, na anayekitaka achukue. Andikeni ndani ya jalada majina ya waliokisoma na tarehe ya kurudisha. Kitabu kikikaa na mtu zaidi ya wiki sita bila kufunguliwa, kipite kwa anayefuata.